Jua haki zako: Kibarua wa bondeni naye ni mfanyakazi

Palizi ya mpunga ikipamba moto katika Bonde la Kilombero, mwenye jembe na afya hakosi pa kwenda. Fundi cherehani ambaye wateja wamepungua, kijana wa bodaboda ambaye pikipiki imerudi kwa tajiri, mama muuza maandazi wa Viwanja Sitini, Ifakara, wote wanaweza kudamka kwenda kusaka kibarua upande wa Mlimba au ng'ambo ya mto, Ulanga. Daraja la Magufuli lilizinduliwa Mei 2018, na tangu hapo mashamba ya ng'ambo hayasubiri tena kivuko. Palizi ikiisha, kuna kulinda ndege, kuvuna na kupura. Msimu wa miwa ukifunguliwa Kidatu, wengine hubeba panga na kwenda kukata miwa. Kiangazi kikikaza ni zamu ya kufyatua matofali.

Fedha hiyo si nyingi, lakini ndiyo inayonunua madaftari na kuezeka chumba cha pili. Uchungu huja siku ya malipo, pale mwenye shamba anaposema mpunga bado haujauzwa, au kwamba ngwe haikupaliliwa vizuri, au "pitia keshokutwa." Keshokutwa inazaa keshokutwa nyingine. Mwishowe mtu anaacha kudai, akiamini kwamba hana pa kwenda kwa sababu hakusaini karatasi yoyote.

Pa kwenda papo. Ibara ya 23 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu haki ya ujira unaolingana na kazi yake, na sheria za kazi za mwaka 2004 zimeipa haki hiyo meno.

Kutosaini si kukosa mkataba

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura ya 366, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi tangu anapoanza kazi: ni kazi gani, ya wapi, saa ngapi, kwa ujira gani. Anayemfanyia mwajiri kazi chini ya siku 6 kwa mwezi ndiye asiyehusika na sharti hilo. Wengine wote wanahusika, wakiwemo wanaolala kwenye dungu shambani mwezi mzima wakilinda mpunga.

Je, mwajiri asipoandika? Hapo sheria inamgeukia mwenyewe. Shauri likifika mbele ya chombo cha haki na mwajiri akashindwa kutoa mkataba au maelezo hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa unakuwa wake. Kibarua akisema walikubaliana shilingi 10,000 kwa siku, anayepaswa kuonyesha vinginevyo ni mwenye shamba.

Utetezi wa pili unaosikika sana ni ule wa "huyu si mfanyakazi wangu, ni kibarua tu." Sheria ya Taasisi za Kazi, Sura ya 300, imeujibu. Mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata jambo moja kati ya haya: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, saa zake zinapangwa na anayemlipa, anatumia vifaa vya anayemlipa, anamtegemea kwa riziki, anamfanyia kazi yeye peke yake, au amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Jina lililoandikwa kwenye makubaliano halibadilishi kitu. Mtu aliyeambiwa afike saa 12 asubuhi, akapewa bomba la dawa na kuonyeshwa majaruba ya kupulizia, ni mfanyakazi wa aliyemwonyesha.

Fundi aliyepatana kufyatua tofali 5,000 kwa bei moja, akaja na kalibu zake, vijana wake na ratiba yake, yuko upande mwingine. Huyo amefanya mapatano ya kazi chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Asipolipwa, njia yake ya kawaida ni shauri la madai katika Mahakama ya Mwanzo. Deni lake ni halali kama la kibarua. Tofauti ni mlango wa kubisha.

Saa, malipo na makato

Siku ya kazi ya kawaida haizidi saa 9, na wiki haizidi saa 45 katika siku 6. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60. Saa za ziada ni za makubaliano, na hata mkikubaliana, siku haivuki saa 12. Kila saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Kazi ya siku ya mapumziko ya wiki au ya sikukuu hulipwa mara mbili.

Hesabu yake ni nyepesi. Aliyepatana shilingi 10,000 kwa siku ya saa 9 analipwa takriban shilingi 1,111 kwa saa. Mvua inapotishia na mwenye shamba akaomba wavunaji waendelee saa 3 zaidi, saa hizo zina thamani ya shilingi 5,000. Siku hiyo ni ya 15,000. Soda na andazi la jioni havifidii pengo hilo.

Kima cha chini nacho kinamlinda mtu wa siku moja. Amri ya mshahara wa sekta binafsi iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2026 imepandisha kima cha chini kwa wastani kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322 kwa mwezi, na kilimo kina kiwango chake ndani ya amri hiyo. Viwango vya amri hizi hupangwa pia kwa saa, kwa siku na kwa wiki, hivyo mwajiri hawezi kusema havimhusu kwa sababu analipa kila jioni. Mwanamke aliyefanya kazi ya thamani ile ile na mwanamume anastahili ujira ule ule.

Makato ndiyo yanayowaumiza wengi wanaolala shambani. Siku ya mwisho mtu anasomewa orodha: unga, dagaa, vocha, jembe lililovunjika mpini. Mwajiri haruhusiwi kukata ujira kwa utashi wake. Deni lazima mfanyakazi awe amelikubali kwa maandishi. Kwa kifaa kilichoharibika, mwajiri anapaswa kuonyesha kwamba kosa ni la mfanyakazi na lilitokea kazini, amwandikie kiasi na sababu, kisha ampe nafasi ya kujieleza. Hata hapo makato hayo hayavuki robo ya ujira. Anayedai shilingi 60,000 hawezi kuondoka na 20,000 kwa sababu ya mpini.

Kusimamishwa na msimu

Kibarua akizoea shamba moja, hujikuta siku moja anaambiwa asirudi. Sheria inataka taarifa. Katika mwezi wa kwanza wa kazi taarifa ni siku 7. Baada ya hapo, anayelipwa kwa siku au kwa wiki anastahili siku 4, na anayelipwa kwa mwezi siku 28. Mwajiri asiyetaka kusubiri anaweza kulipa ujira wa siku hizo. Ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo halali huanza baada ya miezi 6 ya ajira, lakini ujira uliokwisha kufanyiwa kazi unadaiwa hata kama kazi ilidumu siku 2.

Wakata miwa na wengine wa msimu wana haki ambayo wachache huidai. Kwa kawaida, mfanyakazi asiyefikisha miezi 6 hana likizo ya malipo, ila sheria imemtoa wa msimu katika zuio hilo. Imemtoa pia aliyemfanyia mwajiri mmoja kazi zaidi ya mara moja katika mwaka, ikiwa jumla ya vipindi hivyo inapita miezi 6. Anayepalilia, kulinda, kuvuna na kusomba kwa tajiri mmoja anapaswa kujumlisha miezi yake.

Palipo na nyapara, swali la kwanza kabla ya kushika panga ni hili: mwajiri ni nani, anayehesabu mistari au mwenye shamba? Jibu lake, likiwa kwenye ujumbe wa simu, litaokoa miezi ya kutupiana mpira.

Ukiumia, na asiyeruhusiwa kuajiriwa

Panga hukata mguu, nyoka huuma, dawa ya magugu huingia machoni. Mwajiri anawajibika kutoa vifaa vya kujikinga bila kumkata mfanyakazi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi Julai 2015 na huchangiwa na mwajiri peke yake. Anayekatwa shilingi hata moja kwa ajili ya mfuko huo ameibiwa. Aliyeumia amjulishe mwajiri mapema, atunze karatasi za hospitali, na asiruhusu miezi 12 ipite kabla ya kuwasilisha dai.

Mtoto aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa kabisa. Wa miaka 14 na zaidi anaweza kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumkosesha shule, na kazi ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, ni marufuku kwake. Kupulizia dawa si kazi ya mtoto. Mzazi anayempeleka mwanawe kulinda ndege kwa malipo siku za masomo anamnyima haki yake hata kama fedha zinarudi nyumbani.

Kibarua cha mahali palipozuiwa

Si kila kazi ya bondeni ina ulinzi huu. Sehemu ya tambarare ya mto ilitangazwa kuwa Pori la Akiba la Kilombero mwaka 2023, na kuingia humo bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Upande wa mlimani, Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa 1992, iliwahi kuwaruhusu majirani zake kuokota kuni kwa siku maalumu. Ruhusa hiyo ilifutwa 2011. Mkaa na mbao navyo vina leseni na vibali vya kusafirishia chini ya Sheria ya Misitu ya 2002.

Anayeajiriwa kulima, kuvua au kukata miti katika maeneo hayo hubeba hatari mara mbili. Yeye ndiye anayekamatwa akiwa na shoka mkononi, tajiri akiwa mjini. Na akidhulumiwa, mahakama haikazii makubaliano yenye lengo lililo kinyume cha sheria. Kuuliza ofisi ya kijiji au ya kata kuhusu mpaka kabla ya kupokea kazi hakugharimu kitu.

Siku 60 za kudai

Wengi hukimbilia polisi. Ujira usiolipwa ni dai la kazi, na polisi si wakusanya madeni. Hatua ya kwanza ni kudai kwa maandishi. Ujumbe mfupi wa simu unatosha, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaukubali ujumbe wa aina hiyo kama ushahidi. Mwenyekiti wa mtaa au kitongoji anaweza kuwapatanisha, na maridhiano yakiandikwa na kushuhudiwa, huwa ushahidi mzuri. Afisa kazi wa serikali ana mamlaka ya kuingia sehemu ya kazi, kukagua na kumwandikia mwajiri amri ya kurekebisha.

Usuluhishi wa mtaani usiwe sababu ya kuchelewa. Dai la ujira linatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. La kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Aliyechelewa hulazimika kuomba kibali kwa fomu namba 2, akieleza sababu za maana. Kwa mtu wa Ifakara, ofisi inayohusika ni ya mkoa, mjini Morogoro, safari ya zaidi ya kilomita 200. Wenye madai dhidi ya mwajiri mmoja wafanye hesabu ya nauli pamoja na kwenda kama kundi. Wasiojua kuandika wamtafute msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Huduma hiyo ni bure, na CMA nayo haitozi ada ya kufungua mgogoro.

Mwajiri lazima kwanza afikishiwe nakala ya fomu namba 1, ile ya kufungulia mgogoro, na mlalamikaji abaki na uthibitisho kwamba imepokelewa. Abebe daftari lenye tarehe, ngwe na saa alizofanya kazi, ujumbe wa simu, taarifa za malipo ya awali kwa simu, na majina ya waliopalilia naye. Usuluhishi hupewa siku 30. Ukishindikana, mgogoro hupelekwa kwa mwamuzi, na tuzo atakayoitoa inaweza kukaziwa na Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kama hukumu nyingine yoyote, hata kama kilichodaiwa ni ujira wa wiki mbili za palizi.