Maradhi ya Kuenea na Dhiki ya Nafsi: Je, Mwenye Hofu Ana Imani Dhaifu?



Miongoni mwa maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wale walioingia dini karibuni, na pia na wale wangali wakichunguza, liko hili: Mtu mwenye imani akishikwa na hofu wakati wa maradhi ya kuenea, akakosa usingizi, akalemewa na huzuni hata kazi zake zikamshinda, je, hiyo si dalili ya kwamba imani yake ni dhaifu? Baadhi yao wamekwisha kuambiwa hivyo na jamaa au majirani. Nalo si neno dogo. Maana aliyeambiwa hivyo huona haya, mwenye kuona haya hunyamaza, na mwenye kunyamaza hatibiwi.

Basi katika somo hili tutalitazama jambo hili kwa utaratibu. Kwanza tutaona yaliyotokea wakati wa maradhi ya Korona. Kisha tutaeleza hali za afya zilizowafanya baadhi ya watu waumie zaidi kuliko wenzao, na jinsi mwili na nafsi vinavyofungamana. Mwisho tutalijibu swali lenyewe.

YALIYOTOKEA

Tarehe 30 Januari 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba maradhi mapya ya Korona yalikuwa hatari kwa afya ya mataifa yote, na tarehe 11 Machi mwaka huo likayaita janga la ulimwengu. Tangazo hilo la hatari halikuondolewa mpaka tarehe 5 Mei 2023. Kwa makadirio ya Shirika hilo, katika miaka ya 2020 na 2021 walikufa watu wapatao milioni 14.9 zaidi ya idadi ambayo ingalitazamiwa kama janga hilo lisingalitokea.

Hayo ni mauti, ambayo kila mtu aliyaona. Lakini lilikuwako pigo jingine lisiloonekana kwa macho. Mwezi Machi 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga, maradhi ya wasiwasi na yale ya huzuni nzito ambayo madaktari huyaita sonona yaliongezeka kwa kadiri ya asilimia 25 ulimwenguni. Uchunguzi uliochapishwa Oktoba 2021 katika jarida la madaktari liitwalo The Lancet ulikadiria kwamba mwaka 2020 peke yake uliongeza wagonjwa wa sonona wapatao milioni 53 na wagonjwa wa wasiwasi wapatao milioni 76. Wanawake na vijana ndio walioongezeka zaidi.

Hapa twaomba msomaji apige fikira. Mamilioni hayo walikuwa watu wa kila taifa na kila dini, na wasio na dini pia. Tena mzigo huu haukuwaangukia watu kwa bahati nasibu. Ulifuata njia maalumu zinazoweza kuchunguzwa na kutajwa moja moja.

HALI ZA AFYA ZILIZOZIDISHA DHIKI

Kwanza, maradhi ya mwili yaliyokuwako tangu zamani. Watu wenye pumu, saratani na maradhi ya moyo walionekana kuwa wepesi zaidi kupata dalili za maradhi ya nafsi. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Mgonjwa wa kisukari au wa moyo aliposikia kila siku kwamba watu wa namna yake ndio wanaokufa, hofu yake haikuwa ya kubuni; ilikuwa na msingi. Huko Uingereza watu zaidi ya milioni 2 waliokuwa katika hatari kubwa walishauriwa mwaka 2020 wakae ndani wasionane na watu. Ushauri huo ulikuwa na hekima, lakini ulimfanya mgonjwa abebe mizigo miwili pamoja, yaani maradhi na upweke. Zaidi ya hayo, kliniki nyingi zilisimamisha kazi za kawaida, na aliyezoea kuonana na daktari wake kila mwezi hakujua tena ataonana naye lini.

Pili, maradhi ya nafsi yaliyotangulia. Wachunguzi wa University College London walifuata hali za maelfu ya watu Uingereza tangu Machi 2020, wiki hata wiki. Waliona kwamba wasiwasi ulikuwa mkali zaidi katika siku za mwanzo za kufungiwa, kisha ukapungua kidogo kidogo kadiri watu walivyoizoea hali ile. Hiyo ni habari ya kutia moyo. Lakini waliokwisha kuugua nafsi zamani, na wenye kipato kidogo, walianza wakiwa na mzigo mzito zaidi, na hata baada ya wiki 20 tofauti nyingi kama hizo zilikuwa zingaliko. Wakati huo huo matibabu yao yalikatika: Oktoba 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa habari za nchi 130, na katika asilimia 93 ya nchi hizo huduma za maradhi ya nafsi zilikuwa zimevurugika au kusimama.

Tatu, ugonjwa wa Korona wenyewe. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Oxford walitazama kumbukumbu za wagonjwa 62,354 wa Korona katika Marekani. Ilionekana kwamba katika muda wa siku 14 hadi 90 baada ya kuugua, takriban mtu 1 katika kila watu 5 alikutwa na maradhi ya nafsi. Tena waliona upande wa pili pia: mtu aliyekuwa na maradhi ya nafsi katika mwaka uliotangulia alikuwa mwepesi zaidi kukutwa na Korona. Kwa hiyo athari hii huenda na kurudi. Mwili huidhoofisha nafsi, na nafsi nayo huudhoofisha mwili.

Nne, usingizi na mwendo. Mtu aliyefungiwa ndani hupoteza mpaka baina ya mchana na usiku. Hulala akiwa amechelewa, huamka bila saa maalumu, hakai juani, hatembei. Wengi hulichukulia jambo hili kuwa dogo, na kumbe usingizi ndio mlango mkubwa. Asiyelala huzidi wasiwasi, na mwenye wasiwasi hawezi kulala. Basi huzunguka humo kama ng'ombe wa kinu.

Tano, upweke na misiba isiyozikwa kwa desturi. Kabla ya Korona lilikwisha kuonekana jambo hili katika mji wa Toronto, Canada, wakati wa maradhi ya SARS ya mwaka 2003. Watu 129 waliokuwa wamewekwa karantini walihojiwa baadaye, na karibu 3 katika kila 10 walikuwa na dalili za sonona. Kadiri karantini ilivyokuwa ndefu, ndivyo taabu ilivyozidi. Wala mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya ng'ambo tu. Nchini Kenya kafyu ya usiku ilianza tarehe 27 Machi 2020, na haikuondolewa mpaka tarehe 20 Oktoba 2021. Katika miezi ile watu walizika wafu wao wakiwa jamaa wachache tu, bila ya matanga, bila ya kushikana mikono. Kwa watu wa kwetu, ambao kilio ni cha mtaa mzima, kumzika mzazi namna hiyo ni jeraha juu ya jeraha.

Sita, habari za uzushi na vileo. Mwezi Februari 2020 Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba pamoja na maradhi umekuja mfuriko wa habari, za kweli na za uongo zikiwa zimechanganyika. Mwenye kusikiliza habari za vifo tangu asubuhi hata usiku hulisha hofu yake mwenyewe. Nchini Iran mwaka 2020 mamia ya watu walikufa kwa kunywa pombe yenye sumu ya methanoli, wengine wao wakiwa wamedanganywa kwamba pombe huua virusi vya Korona mwilini. Na hata pasipo sumu, kileo huvunja usingizi na kuizidisha huzuni ambayo mnywaji alitaka kuikimbia.

JINSI MWILI NA NAFSI VINAVYOFUNGAMANA

Huenda mtu akauliza: Hofu iliyo moyoni inaudhuru mwili kwa njia gani? Jibu lake ni hili. Mtu anapoona hatari, mwili humwaga katika damu homoni kama adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga mbio, pumzi huwa fupi, sukari hupanda katika damu, misuli hukaza. Hii ni rehema, maana kwayo mtu humkimbia nyoka. Lakini nyoka hupita kwa dakika chache, na maradhi ya kuenea hukaa miezi na miaka. Mwili ulioamriwa kukimbia kila siku huchoka. Usingizi hukatika, tumbo huvurugika, na mwenye kisukari huona sukari yake haitulii hali anakula vile vile. Tena mtu mwenye wasiwasi mwingi husikia kifua kimembana na pumzi inampungukia. Na kwa kuwa Korona nayo hushika kifua, huamini kwamba amekwisha kuambukizwa, na hofu ikapanda tena.

Wala elimu hii si mpya. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934 katika nchi ambayo leo ni Afghanistan, aliandika kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wa al-Anfus, yaani Maslaha ya Miili na Nafsi. Alieleza kwamba mwanadamu ni mwili na nafsi pamoja, na kwamba kama vile mtu mwenye afya huweka akiba ya dawa kwa ajili ya siku ya ugonjwa, ndivyo impasavyo kuweka akiba ya fikira njema kwa ajili ya siku ya dhiki. Tena aliipambanua huzuni yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa, na ile isiyo na sababu ijulikanayo, ambayo asili yake aliitafuta katika mwili. Hakusema kwamba wenye huzuni ni watu wasioamini.

JE, NI UDHAIFU WA IMANI?

Sasa turudi kwenye swali letu. Tumekwisha kuona kwamba dhiki hii ilifuata pumu na moyo, usingizi uliokatika, dawa zilizokosekana, na msiba wa upweke. Mambo haya huwapata wacha Mungu na wasio wacha Mungu sawasawa. Anayemlaumu mgonjwa wa nafsi kwa sababu ya imani yake, na amlaumu pia mwenye pumu kwa sababu ya pumzi yake.

Na katika mambo ya dini yenyewe ushahidi ni mwingi. Kurani Tukufu katika Sura Yusuf yaeleza jinsi macho ya Nabii Yakubu (a.s.) yalivyogeuka meupe kwa huzuni ya kumkosa mwanawe. Je, nani atathubutu kusema kwamba imani ya Nabii huyo ilikuwa dhaifu? Mtume Muhammad (s.a.w.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Na mwaka wa 18 Hijria, yaani 639, ilipozuka tauni ya Amwas huko Sham, Khalifa Umar (r.a.) aliyekuwa njiani alirudi kutoka mahali paitwapo Sargh, asiwaingize watu wake katika tauni. Aliulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akajibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari yake nyingine. Katika tauni hiyo hiyo alifariki Abu Ubaida bin al-Jarrah (r.a.), mmoja wa masahaba wakubwa kabisa. Basi kujihadhari si ukafiri, wala kuugua si aibu.

Lakini yafaa ieleweke pia kwamba sala na subira zina kazi yake. Humpa mtu utaratibu wa siku, humkutanisha na wenzake, humwondolea fikira ya kwamba ameachwa peke yake. Ila hazikuwekwa zichukue mahali pa daktari, kama vile daktari hakuwekwa achukue mahali pa sala.

LA KUFANYA

Likija tena pigo kama lile, au hata katika maradhi ya nyumbani mwako leo, shika mambo haya. Lala na uamke kwa saa zile zile. Tembea kila siku, ijapokuwa ni uani. Usikatize dawa zako za kisukari, pumu, moyo au nafsi bila ya shauri la daktari, na kabla ya kufungiwa hakikisha unayo akiba. Sikiliza habari mara moja au mbili kwa siku kutoka mahali paaminifu, kisha funga. Epuka vileo. Usikate kuzungumza na watu. Ikiwa huwezi kwenda, piga simu. Na ikiwa huzuni, kukosa usingizi au wasiwasi vimedumu kwa majuma mawili na kazi zimekushinda, nenda hospitali ukaseme wazi. Na kama fikira ya kujidhuru imekujia, usingoje hata usiku mmoja: mwambie mtu aliye karibu nawe, mwende pamoja. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Nanyi mlio na afya, msingoje mgonjwa aje kwenu. Mwulizeni mwenye kisukari kama dawa zipo. Mwulizeni mjane kama analala. Na anayewaambia kwamba moyo wake una hofu, msimpe hotuba juu ya imani. Msikilizeni kwanza.

Mwenyezi Mungu atujaalie afya ya miili na utulivu wa nafsi, na atupe huruma kwa wenye dhiki miongoni mwetu. Amin.