SOMO: JOTO NDILO ADUI WA MVINYO WA NYUMBANI



Katika somo hili tutajifunza namna ya kuzuia joto wakati mvinyo unapochachuka. Tunachukua mfano wa Jebel, Juba, ambako wengi wetu tunakaa vyumba vya mabati. Mwezi wa Februari na Machi joto la mchana mjini Juba hufika nyuzi 37 na zaidi. Mtu huchemsha karkade, hutia kilo 4 za sukari katika lita 20, huongeza hamira. Siku ya tatu anakuta povu limekoma na kinywaji kingali kitamu. Baada ya siku chache kinanuka siki. Sukari ile ni jasho la mfanyakazi. Haikuharibiwa na kijicho cha jirani, iliharibiwa na joto.

Kwa nini joto hupanda?

Hamira ni viumbe hai. Hula sukari, hutoa pombe na gesi, na kama mfanyakazi yeyote, hutoa joto vinapofanya kazi. Gramu 10 za sukari katika lita moja zikichachuka, joto huweza kupanda nyuzi 1.3 likikosa pa kutokea. Sisi tumetia gramu 200 kwa lita, kwa hiyo hesabu inafika nyuzi 26! Chombo kidogo hupoteza sehemu kubwa ya joto hilo kupitia ubavuni, lakini pipa kubwa hulihifadhi. Hamira hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 20 na 25. Zikizidi 30, harufu na ladha huharibika. Zikikaribia 40, hamira hudhoofika na kufa, na vijidudu vya siki hupata nafasi.

Tufanyeje bila friji?

Viwanda vya bia hupitisha maji baridi katika ukuta wa tangi. Sisi tunao mfano mwingine mlangoni: zir, mtungi wa udongo wa maji ya kunywa. Maji hupenya udongo, hukauka kwa upepo, na yakikauka huondoka na joto. Mwili unaotoka jasho hupoa kwa njia hiyo hiyo. Basi tufuate hatua hizi:

1. Karkade ipoe kabisa kabla ya kutia hamira. Tuanze jioni.

2. Tutumie vyombo vinne vya lita 5 badala ya kimoja cha lita 20.

3. Tuviweke ndani ya beseni la maji, kivulini penye upepo, mbali na ukuta wa bati. Tuvifunike kwa kitambaa cha pamba ambacho pindo lake limezama majini. Tubadilishe maji asubuhi na jioni.

4. Tupime kwa kipimajoto safi mara mbili kwa siku, hasa siku tatu za kwanza, maana ndipo hamira inapofanya kazi kwa nguvu.

Kitambaa hufanya kazi vizuri zaidi wakati wa kiangazi. Masika hewa ina unyevu na maji hukauka polepole, lakini joto lenyewe pia hupungua.

Onyo

Mvinyo uliosimama ukiwa mtamu usifungwe katika chupa. Hamira ikiamka, gesi itapasua chupa na vigae vitamuumiza mtoto. Tupoze chombo, kisha tuwashe hamira mpya katika kikombe cha maji ya vuguvugu yenye sukari kidogo na kuitia. Wakati wote wa kuchachuka, gesi ipate njia ya kutoka na chumba kipate hewa. Mvinyo ulioharibika usigeuzwe kuwa pombe ya kukeneka. Pombe hiyo imepofusha watu na kuwaua.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini pipa moja hupata joto kuliko vyombo vinne vidogo?
2. Zir na jasho vinafanana vipi?
3. Mvinyo ukisimama siku ya tatu, tufanye nini, na tusifanye nini?