Je, unayaelewa maandishi ya pakiti ya chakula?

MGONJWA wa kisukari anapoulizwa na muuguzi, "Umeelewa?" aghalabu hujibu, "Ndiyo, sista." Huchukua karatasi yake ya maagizo ya chakula, akaikunja, akaitia mkobani na kwenda zake. Anaporudi kliniki, sukari katika damu bado iko juu. Muuguzi humwona mkaidi, ilhali mgonjwa huapa kwamba ameacha kabisa kutia sukari katika chai. Na kweli ameiacha. Ambalo hakulielewa ni kwamba neno "wanga" katika karatasi ile linahusu pia ugali, chapati, wali na viazi vyake vya jioni, ambavyo mwilini hugeuzwa kuwa sukari.

Basi kuuliza "Umeelewa?" hakupimi kitu. Yafaa mtu apewe kazi ya kufanya, kisha aangaliwe anavyoifanya.

Mwaka wa 2005, watafiti wa Marekani wakiongozwa na Dkt Barry Weiss wa Chuo Kikuu cha Arizona walitangaza kipimo kifupi cha namna hiyo kiitwacho Newest Vital Sign. Mtu hupewa maelezo ya lishe yaliyo kwenye mkebe wa aiskrimu, kisha huulizwa maswali 6. Huchukua dakika 3 hivi. Huruhusiwa kuyatazama maelezo hayo muda wote, kwa hivyo huu si mtihani wa kumbukumbu. Anayepata 4 au zaidi huhesabiwa kuwa anaelewa vya kutosha. Wa 2 au 3 huenda ana shida. Naye wa 0 au 1, kuna uwezekano mkubwa kwamba maagizo mengi ya hospitali humpita.

Swali la kwanza ndilo linalofunza zaidi. Mkebe una vipimo 4 vya kuliwa, na kila kipimo kina kalori 250. Je, ukiumaliza mkebe wote utakuwa umekula kalori ngapi? Anayejibu 250 amesoma tarakimu sawasawa, lakini hakuona kwamba zinahusu robo tu ya mkebe. Jibu ni 1,000. Kosa hili si la wasiosoma pekee. Hata mwenye shahada, akiwa na haraka dukani, huangukia papo hapo.

Jipime mwenyewe

Msomaji, chukua kalamu. Tuseme umenunua pakiti ya biskuti ya gramu 200. Imeandikwa hivi: kipimo kimoja ni biskuti 4 (gramu 25), pakiti ina vipimo 8. Katika kila kipimo: kalori 120, sukari gramu 6, sodiamu miligramu 100. Viambato: unga wa ngano, sukari, mafuta ya mawese, maziwa ya unga, chumvi.

Swali la 1: Ukila nusu ya pakiti, umepata kalori ngapi?

Swali la 2: Muuguzi amekuambia sukari ya kitafunio chako isizidi gramu 9. Utakula biskuti ngapi?

Swali la 3: Mtoto wako hudhuriwa na maziwa ya ng'ombe. Utampa biskuti hizi?

Swali la 4: Ukimaliza pakiti nzima, umekula chumvi gramu ngapi? (Zidisha sodiamu kwa 2.5.)

Majibu yako mwishoni. Usichungulie.

Swali la nne huwatatiza wengi kwa sababu pakiti hutaja sodiamu, naye daktari hutaja chumvi. Shirika la Afya Ulimwenguni hushauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyo ndani ya mkate na viungo vya mchuzi. Mwenye shinikizo la damu asiyejua kubadili sodiamu kuwa chumvi hana njia ya kuufuata ushauri huo.

Maandishi makubwa ya mbele nayo yasikuhadae. Chupa ya mafuta ya kupikia hujigamba kwamba haina kolesteroli. Ni kweli, lakini hakuna mafuta ya mimea yenye kolesteroli ya kuhesabika. La kutazama ni kiasi cha mafuta yale yanayoganda, na hicho huandikwa kwa herufi ndogo nyuma.

Hata hivyo, kipimo cha pakiti hakitoshi hapa kwetu. Mama anayenunua mafuta ya kupima kibandani, unga wa kusaga na mandazi ya asubuhi hana pakiti ya kusoma. Huyo apimwe kwa sahani. Mwambie, "Mama, nipakulie ugali unaokula jioni," kisha umwombe apakue kama alivyoshauriwa. Sahani hizo mbili zikilingana, ushauri haukufika. Au muuguzi aseme: "Nataka kujua kama nimekueleza vizuri. Ukifika nyumbani, utamwambiaje anayekupikia?" Hapo lawama ni ya mweleza, si ya mgonjwa, naye huzungumza bila haya. Mara nyingi ndipo utakaposikia kwamba ugali wa unga usiokobolewa "hauna sukari", kwa hivyo mtu hula maradufu. Unga huo una ufumwele mwingi na ni bora kuliko mweupe, lakini wanga wake ungali mwingi, na kiasi lazima kipimwe.

Kisha kuna kujua na kutumia, mambo mawili mbalimbali. Anayepata maswali yote huenda bado akamaliza pakiti ndani ya matatu. Kwa hivyo mpimaji mzuri huuliza pia alichokula mgonjwa tangu jana saa kama hii, tonge kwa tonge, pamoja na soda aliyokunywa stendi.

Majibu: (1) Kalori 480. (2) Biskuti 6. (3) Hapana, zina maziwa ya unga. (4) Sodiamu miligramu 800, yaani chumvi gramu 2.