Dondoo muhimu: Kurekebisha nambari zinazokataliwa na programu ya mishahara

Programu ya mishahara inapoikataa nambari ya uanachama wa NSSF, hazina ya taifa ya akiba ya uzeeni, mchango wa mfanyakazi wa Kakamega huenda usifike katika akaunti yake, hivyo yafaa kosa lirekebishwe kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata, ambayo ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha makato.

- PIN ya KRA, yaani nambari ya mlipa ushuru, huanza kwa herufi A kwa mtu binafsi, ikafuatwa na tarakimu 9 na kumalizikia kwa herufi moja. Kwa hiyo alama ya duara iliyo katikati ni sufuri, si herufi O.
- Safu ya nambari katika jedwali la kompyuta ipangwe kuwa ya maandishi, kwa kuwa safu ya hesabu hufuta sufuri za mwanzo.
- Nambari ya NHIF isiandikwe mahali pa ile ya SHA, mamlaka iliyochukua majukumu ya NHIF ya bima ya afya Oktoba 2024.
- Jina likitofautiana na la kitambulisho, mfanyakazi aelekezwe Huduma Centre ya Kakamega akasahihishe rekodi, wala mwajiri asijaze nambari ya kubuni, kwani atamnyima mfanyakazi huyo haki yake.