Barua ya Maombi: Kuomba Kipengele cha Kukuza Picha

VLC ni programu huria ya kuchezea video. Ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa. Tangu 2001 msimbo wake uko wazi: yeyote anaweza kuusoma na kuuboresha. Programu za aina hii hutegemea sana watu wanaojitolea. Hivyo mtumiaji huomba, haamrishi.

Swali: Programu huria unayotumia kutazama masomo kwenye simu haikuzi sehemu ya picha. Waandikie watengenezaji kuomba kipengele hicho.

Hoja za kiini

(a) Tatizo: "Ninapotazama somo lililorekodiwa darasani, maandishi ya ubaoni ni madogo, hayasomeki."

(b) Ulichojaribu: "Nimejaza picha kwenye kioo chote, lakini kingo hukatwa na maandishi ya pembeni hupotea."

(c) Ombi: "Naomba niweze kukuza sehemu ninayoitaka kwa vidole viwili, kisha kuisogeza picha."

(d) Taja aina ya simu na toleo la programu.

Kosa la kawaida: "Programu yenu ni mbovu, irekebisheni." Hapa hakuna tatizo linaloeleweka wala ombi. Msomaji hana la kufanya, nawe unapoteza alama za kiini.

Kumbuka: Barua moja, ombi moja. Tatizo hutangulia, ombi hufuata.

Zoezi: Andika barua kamili. Usisahau anwani mbili, tarehe, kichwa cha barua na sahihi.