Dondoo muhimu: Hasira za aliyeacha unga

Miezi ya mwanzo baada ya kuacha heroini, hasira hupanda kwa kitu kidogo tu. Ukiishi na aliyeacha, zingatia haya.

1. Usimwite teja, hata kwa utani.
2. Kabla ya kujibu ukali wake, jiulize: amekula? Amelala? Mwekee chai na kiporo cha maharage kabla hajaenda kliniki kunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wake.
3. Akipandisha sauti, wewe shusha yako.
4. Usimzibie mlango. Mwache atoke akatembee, ila mkubaliane mapema njia ya kupita, isiwe ile ya kijiweni.
5. Kitu kikipotea, tafuta kwanza. Kumtuhumu kwanza ndilo kosa linaloniuma zaidi: simu haionekani, nyumba nzima inamgeukia yeye, anapekuliwa mifuko mbele ya wadogo zake, kumbe simu iko chini ya mto. Hata ukiwa na shaka, muulize faraghani.
6. Madeni na makosa ya zamani myazungumze siku ametulia.
7. Usimpe vidonge vya usingizi wala pombe "ili apoe". Vikichanganyika na methadoni vinaweza kumzuia kupumua.
8. Hasira zikimjia kila siku saa chache kabla ya dozi, pamoja na jasho na miayo, mwambie muuguzi. Huenda ni arosto, yaani dalili za kukosa dawa; dozi haimtoshi.
9. Akirusha ngumi au kushika kisu, toka na watoto, ita majirani. Mazungumzo yatafuata baadaye.