Kusomea Uhandisi wa Umeme Eldoret Ukitokea Burnt Forest

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakitangazwa, wazazi wengi wa kwetu Burnt Forest huona njia mbili tu: chuo kikuu, au kurudi kwenye viazi na ng'ombe. Mimi nilisomea diploma ya uhandisi wa umeme Eldoret, na kazi hiyo ndiyo inayonilisha. Nitaieleza njia hii ya tatu jinsi ninavyoijua.

Ukiwa na wastani wa C- unaweza kuomba diploma. Mwenye D huanzia cheti cha ufundi kisha akapanda. Nimefanya kazi na mafundi hodari waliopitia huko. Maombi hupelekwa KUCCPS, mkopo huombwa HELB. Mjini Eldoret kuna vyuo vya Eldoret National Polytechnic na RVTTI. Kabla ya kuchagua chuo chochote, nenda ukaone karakana. Waulize wanafunzi wa mwaka wa pili kama kila mmoja hufunga mota kwa mikono yake, au wengi husimama nyuma wakitazama. Jibu lao lina uzito zaidi kuliko jengo jipya lenye vioo.

Hisabati isikutishe. Tulifundishwa kwamba umeme wa fezi tatu una volti 240 kati ya fezi na nyutro, na 415 kati ya fezi na fezi, kwa kuwa 240 huzidishwa kwa kipeuo cha pili cha 3. Hesabu hiyo ilinifaa nilipoitwa kwenye posho mili moja ambako mota ilinguruma bila kuzunguka. Nikapima: jozi moja ya fezi ilisoma 415, zile nyingine mbili karibu nusu yake. Fyuzi ya fezi moja ilikuwa imekatika. Mota ikiachwa hivyo hupata moto hadi koili zikaungua, na kusuka koili upya ni gharama kubwa kwa mwenye kinu. Kinga yake ni ovalodi, yaani swichi inayokata umeme mota ikivuta kupita kiasi, iliyowekwa kulingana na ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota. Wako mafundi wanaoipandisha ili isikatekate. Usifanye hivyo kamwe.

Kulala nyumbani na kupanda matatu kila alfajiri kupitia Cheptiret kunawezekana, lakini kama familia inaweza, panga chumba karibu na chuo. Karakana hufunza zaidi jioni, darasa likishatawanyika.

Atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, itafute muhula mmoja kabla. Peleka barua mwenyewe, kwa mkono: Rivatex, viwanda vya maziwa, vinu vya unga, Kenya Power. Ukipokewa, kaa na fundi wa zamu ya usiku, maana mitambo inapoharibika usiku hakuna umati, na utashika spana wewe. Kitabu chako cha kumbukumbu kitiwe sahihi kila wiki.

Diploma pekee haitoshi kufunga nyaya za nyumba ya mtu; hiyo inataka leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati. Ukihitimu, jiandikishe pia na KETRB, bodi ya mafundi sanifu na wanateknolojia wa uhandisi iliyoundwa kwa sheria ya 2016.

Na wewe mzazi, binti yako akitaka kozi hii, mwache aende. Mtafutie multimita nzuri na glavu zinazomtosha, kisha umlipie karo kwa wakati.